Sukari ya Bwana Afya

Paka alikuwa anaitwa Bwana Afya kwa sababu katika nyumba ile hakuna sufuria iliyofunuliwa bila yeye kufika kuikagua. Aliingia akiwa kitoto cha kuenea kiganjani, akajilaza ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa chini ya cherehani, na mwenye cherehani akamtazama, akasema, haya, kaa, ila siku ukikojolea satini tutajuana. Hakukojolea satini. Alikaa miaka kumi na mmoja, akanenepa, akaota mashavu, akawa anapita mbele ya wateja utadhani duka ni lake.

Mwenye cherehani mtaa mzima ulimwita Fundi, basi, bila kuongeza kitu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa bado wanajifunza. Na yeye hakukataa. Alikuwa na mikono, jamani, hilo lazima lisemwe. Alikuwa anaweza kupiga pindo la gauni la harusi huku anagombana na mtu, na pindo likanyooka kuliko maneno yake. Kitu kingine alichojaliwa ni udadisi. Akinunua nguo dukani haivai mpaka ameifumua bega aone waliishonaje. Saa ikisimama anaifungua. Jirani akianza kukorofishana na mumewe, cherehani linazimwa. Watu walisema ni umbea. Yeye alisema anataka tu kujua kitu kimeshikiliwa na nini.

Sasa mwaka huo Bwana Afya akaanza kunywa maji. Alimaliza bakuli asubuhi, akamaliza la pili mchana, kisha akahamia kwenye ndoo ya kuogea. Mchanga wake wa kujisaidia ukawa unalowa hadi chini. Alikula kwa pupa na bado akakonda. Halafu yakaja ya tumbo: leo anatapika, kesho anaharisha, keshokutwa vyote viwili. Siku Fundi alipomwona anatembea huku visigino vya miguu ya nyuma vimelala sakafuni, mithili ya mtu aliyevaa ndara zilizomzidi, alitupa mkasi, akamtia kwenye kapu, mguu mosi mguu pili hadi kwa daktari wa wanyama.

Daktari alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimtoboa Bwana Afya kidogo pembeni mwa sikio, akagusisha tone la damu kwenye kipimo, akaangalia namba, akarudia.

"Thelathini na moja," akasema. "Paka mzima huwa chini ya nane. Huyu ana kisukari, Fundi."

"Paka na kisukari? Kwani anakunywa chai?"

"Hata asipokunywa. Kuna kiungo karibu na tumbo kinaitwa kongosho. Ndicho kinachotoa insulini ya kushusha sukari, na ndicho hicho kinachosaidia kusaga chakula. Chake kimevimba. Ndiyo maana sukari imepanda na tumbo limevurugika kwa pamoja."

Fundi alisahau hata kuhuzunika. Akataka kujua kongosho lina ukubwa gani, limekaa upande upi, lina rangi gani. Daktari akamchorea. Kisha akampa masharti: kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Maziwa, hapana. Biskuti, hapana. Insulini uniti mbili saa moja asubuhi na uniti mbili saa moja jioni, akishakula. Na akitapika, asichomwe mpaka Daktari apigiwe simu kwanza, kwa sababu dawa ikiingia mwilini tumbo likiwa tupu sukari inaweza kuporomoka akafa.

"Njoo nikuonyeshe kuchoma," Daktari akasema.

Fundi akacheka hadi Bwana Afya akageuza masikio. "Mwanangu, mimi nimeshika sindano tangu wewe hujazaliwa. Nionyeshe pa kuchoma, kuchoma kwenyewe niachie."

Daktari naye akaona haya. Akamwonyesha shingoni, nyuma ya mabega, pale unapoweza kubana ngozi ikasimama. Akampa dawa, kipimo cha kutumia nyumbani na mabomba madogo ya sindano, wakaagana.

Nyumbani waliishi watu watatu, ukimtoa mume wa Fundi, dereva wa lori la masafa marefu ambaye siku hizo alikuwa zaidi sauti ya simu kuliko mtu. Alikuwepo Fundi mwenyewe, chumba cha mbele, na cherehani lake. Chumba cha nyuma alikaa mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Mama. Macho ya Mama yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, akiona watu kama vivuli tu. Alishinda kwenye kiti chake dirishani, na Bwana Afya alishinda mapajani mwake. Wa tatu alikuwa wifi yake Fundi, binti wa Mama, karani wa mapokezi hotelini. Mapumziko yake yalikuwa Alhamisi.

Kuhusu wifi huyu, Fundi alikuwa na hadithi moja anayomsimulia kila mteja. Eti wifi alijaribu kushona kifungo cha blauzi, akakishona barabara, alipotaka kusimama akakuta ameshona blauzi na sketi aliyoivaa. Mteja anacheka, Fundi anacheka, na wifi, kama yupo, anacheka pia kwa shingo upande.

Tatizo ni kwamba Alhamisi ndiyo siku ambayo Fundi huondoka alfajiri kwenda kuchagua vitambaa kwa wauzaji wa jumla, asirudi hadi alasiri. Kwa hiyo sindano ya Alhamisi asubuhi ilimwangukia wifi. Daktari alimfundisha peke yake, siku moja alipotoka kazini mapema. Alichoma huku mikono inatetemeka, jicho moja amelifumba, na Bwana Afya akimkunjia uso. Fundi alimwona mara moja akifanya mazoezi, akatikisa kichwa.

Yeye mwenyewe alikuwa anachoma kwa raha. Vidole viwili vinabana ngozi, mkono wa kulia unapita, tayari, hujamaliza hata kuvuta pumzi. Paka hana habari. Baada ya hapo, saa tisa alasiri kila siku, anamtoboa sikio, anasoma kipimo, na anaandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja. Kwenye daftari hilo kulikuwa na kurasa za watu, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na katikati ukurasa wa Bwana Afya wenye safu moja ya namba.

Namba zenyewe zilikataa kushuka. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na sita. Daktari akapandisha dawa kutoka uniti mbili hadi tatu. Ishirini na saba. Akapandisha hadi nne. Ishirini na nane. Kuku wa kuchemsha analiwa, maziwa hayaingii nyumbani, sindano inapigwa kwa saa, na bado paka anakunywa maji, anatapika kila siku ya pili na kutembelea visigino. Ilipotimia wiki ya nne Daktari alimpima uzito, akaweka kalamu chini.

"Tupande hadi tano," akasema. "Nipe mpaka Ijumaa ijayo. Kama haikushuka, Fundi, figo zake hazitaweza. Itabidi tukae tuzungumze habari ya kumpumzisha."

Fundi alimbeba Bwana Afya hadi nje, akasimama mlangoni, akamwuliza yule paka kwa sauti, "Kumpumzisha? Kwani nani kasema umechoka?" Kisha akaanza kutembea haraka, kwa sababu alikuwa hapendi kulia barabarani.

Jioni ile alilifungua daftari na kulisoma, namba baada ya namba, anavyokagua mshono wa mtu mwingine. Ndipo akaona. Ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na sita, kumi na tano. Akashuka chini. Ishirini na saba, ishirini na saba, kumi na mbili. Akashuka tena. Tisa! Akachukua kalenda ya ukutani. Zile namba ndogo zilikuwa zote Alhamisi.

Lo! Alikuwa ameziandika kwa mkono wake mwenyewe na kila mara akadhani kipimo kimekosea, asimtajie Daktari. Sasa zilikaa pale zikimkodolea macho. Kwa nini Alhamisi? Paka ni yule yule, kuku yule yule, dawa ile ile. Ni nini kinatokea Alhamisi ambacho hakitokei Jumatano? Alikaa na kalamu mdomoni mpaka mwanga ukapungua, na mshipa wake wa udadisi ukasimama wote. Alhamisi yeye hayupo. Alhamisi wifi yupo, anashinda huko nyuma na Mama. Siku nyingine Mama yuko peke yake na paka, yeye Fundi akiwa mbele anashona, haoni kinachoendelea.

Basi akajipa jibu. Siku nyingine Mama anamlisha paka kwa siri, na Alhamisi anaogopa binti yake.

Ukifikiri vizuri, jibu lilikuwa linakaa. Mama alikuwa na kopo la biskuti kabatini na alikuwa mtu wa huruma. Mara mbili alishasema, "Masikini, kuku asiye na chumvi kila siku, hata mfungwa hali hivyo." Fundi hakumpigia Daktari. Alitaka kwanza kumkamata mtu, ndipo aseme.

Asubuhi iliyofuata akachukua chaki yake ya fundi, akapiga mstari mdogo kutoka kwenye mfuniko wa kopo hadi ubavuni, ili mfuniko ukizungushwa aujue. Kisha akafunga uzi mwembamba kwenye vitasa vya kabati. Saa sita mchana akaja kukagua. Uzi umekatika, mstari umeachana.

"Mama," akasema kutoka mlangoni, "nani amefungua kopo la biskuti?"

"Mimi," Mama akajibu bila wasiwasi, mkono mgongoni mwa paka. "Nimekula mbili. Au na mimi nimekatazwa?"

"Umekula wewe au amekula yeye?"

Mama aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Mwanangu, unaniuliza kitu gani?"

"Nimeuliza tu," Fundi akasema, akarudi kwenye cherehani akashona kola ya shati kichwa chini miguu juu. Ilibidi aifumue yote. Wiki ile akalihamishia kopo juu ya kabati, akafunga mlango wa jikoni, na sukari ikaendelea kuwa ishirini na saba. Yeye akasema, basi kuna kopo la pili. Akatafuta chini ya mto wa Mama. Ndiyo, alifika huko.

Alhamisi ikafika, kesho yake ndiyo ile Ijumaa. Fundi aliondoka alfajiri akiwa ameacha karatasi juu ya friji: *Saa moja kamili. Uniti tano. Hakuna mjadala.*

Saa moja na dakika chache simu yake ikalia, naye alikuwa katikati ya marobota ya vitambaa, muuzaji anapiga kelele upande mmoja na mpagazi upande wa pili.

"Wifi," wifi akasema, "amekula, halafu ametapika kidogo. Nimchome au nisubiri?"

"Ametapika kila siku wiki hii, mbona mimi namchoma na hafi?"

"Daktari alisema…"

"Nimesema tano ni tano. Kesho ni Ijumaa, wifi! Unataka kesho tukaambiwe nini? Choma."

Akakata simu. Akashika kitambaa cha bluu akakivuta kuona kama kinanyumbuka, na alipokuwa anakivuta akasikia kitu kidogo kikimchoma ndani, lakini akakipuuza. Hata hivyo hakukaa mpaka alasiri. Ilipofika saa nne alishindwa kuvumilia, akaacha nusu ya vitambaa bila kuchagua, akarudi nyumbani.

Alifungua mlango wa mbele kimya, kwa makusudi kabisa, akapita cherehani kwa ncha za vidole, akachungulia chumba cha nyuma. Na alichokiona ndicho alichokuwa anakitafuta wiki nzima. Mama ameinamia mapaja yake. Pembeni pana chupa ya asali, iko wazi. Kidole cha Mama, kinang'aa kwa asali, kimo mdomoni mwa paka.

"Nimekukamata!" Fundi akapiga kelele. "Kumbe ni wewe! Mwezi mzima nahangaika kama kichaa, kumbe muuaji ninaye ndani!"

Mama hakuinua kichwa. Alichovya tena kidole, akakipeleka tena kwenye fizi za paka, taratibu, anazipapasa kwa kuwa hazioni.

"Wifi, nyamaza," sauti ikasema kutoka kona. Wifi alikuwa amepiga magoti sakafuni, simu sikioni, machozi yanamtiririka. "Daktari yuko kwenye simu. Ndiye aliyesema apakwe asali. Sukari imeanguka. Kipimo kinasema mbili."

Fundi akamwangalia Bwana Afya. Alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa, macho wazi hayaoni kitu, miguu inarukaruka yenyewe.

Hawakungoja. Walimfunga kwa taulo, Mama akambeba maana kidole chake ndicho kilichokuwa kinafanya kazi, na wote watatu wakaenda kwa Daktari, Mama ameshikwa mkono huku na huku. Daktari alimchukua mlangoni. Alimwekea maji ya sukari kwenye mshipa, akampima, akampima tena. Mbili na nusu. Nne. Saba. Bwana Afya akainua kichwa, akamtazama Daktari kwa chuki, na Fundi akaegemea ukuta.

"Sasa nisaidieni," Daktari akasema, na alikuwa amekunja uso, lakini si kwa hasira. Alikuwa anataka kujua. "Kutapika kumechangia, sawa. Lakini uniti tano hizi hizi zimepigwa Jumatano na namba ilikuwa ngapi?"

"Ishirini na saba," Fundi akasema. Kisha akazitoa zote, na zile za Alhamisi alizozificha: kumi na tano, kumi na mbili, tisa. Daktari akazisikiliza, mdomo wazi.

"Jumatano nani alichoma?"

"Mimi."

"Na leo?"

"Mimi," wifi akasema kwa sauti ndogo.

"Na Alhamisi zote?"

"Mimi."

Ndipo Mama, ambaye walikuwa wamemkalisha kwenye kiti karibu na mlango, akasema, "Siku za mke wa mwanangu, paka ananukia shingoni. Siku za binti yangu hanukii."

"Ananukia nini, Mama?"

"Dawa. Harufu ya plasta mpya. Na manyoya yanakuwa na unyevu."

Daktari akafungua friji, akatoa chupa ya insulini, akaisogeza puani kwa Mama. Mama akanusa mara moja tu. "Ndiyo hiyo," akasema.

Daktari alichukua taulo dogo, akalikunja, akalibana likasimama kama ngozi ya shingo. Akavuta maji matupu kwenye mabomba mawili ya sindano. La kwanza akampa wifi. Wifi akafumba jicho moja, akauma mdomo, akaingiza sindano nusu, akasimama, akasukuma, akatoa. Daktari akapapasa upande wa pili wa taulo. Pakavu.

La pili akampa Fundi, na Fundi akafanya alivyofanya kila siku. Vidole viwili, mkono ukapita, tayari. Tone la maji likateremka juu ya meza ya chuma.

"Rudia," Daktari akasema. "Polepole."

Akarudia polepole, na mara hii akaangalia. Aliuona mkono wake ukibana mkunjo, sindano ikaingia upande huu, na bila yeye kuuambia, mkono ukaisukuma mpaka ncha ikachungulia upande wa pili. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Miaka thelathini hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sindano isiyotokea upande wa pili haijashona kitu.

"Nimekuwa namshona," Fundi akasema.

Hakuna aliyecheka. Daktari akavuta kiti akakaa. "Kwa hiyo dawa haikumshinda," akasema taratibu, kana kwamba anajisomea. "Dawa haikumfikia. Mwezi mzima imeishia kwenye manyoya, isipokuwa Alhamisi asubuhi. Na mimi nimekuwa nikiongeza dozi ya kitu ambacho hakiingii mwilini." Akashika paji la uso. "Siku ile ya kwanza nilitaka kukuonyesha, Fundi. Nikaona aibu kumfundisha fundi kushika sindano."

Fundi akamgeukia Mama. "Na wewe, Mama, mbona hukuniambia habari ya harufu?"

"Nilikuambia. Siku ya tatu. Nikakuambia, mwanangu, huyu ananukia dawa hapa. Ukanijibu, Mama, sindano niachie mimi, wewe mpakate tu."

Fundi akakumbuka. Alikuwa na gauni la mteja mkononi, alikuwa na haraka, hata hakugeuka. Na wifi alipiga simu asubuhi ile ile, na Daktari alitaka kumwonyesha kuchoma siku ya kwanza. Watu watatu walimjia kwa zamu, na yeye akawajibu wote kabla hawajamaliza.

Bwana Afya alitakiwa kubaki chini ya uangalizi hadi saa kumi. Wakakaa kwenye benchi la nje, Fundi katikati.

"Mama, nisamehe. Ile sindano…"

"Ya sindano sikudai," Mama akamkata. "Hiyo ni kazi, na kwenye kazi watu hukosea. Kule nyumbani uliniita nani?"

Fundi akainamisha kichwa. "Muuaji."

"Huyu paka ananilalia mapajani tangu macho yangu yalipoanza kufunga. Ndiye anayeniambia kumekucha. Na ukatafuta biskuti chini ya mto wangu, nilisikia. Niombe msamaha kwa hayo."

Akamwomba kwa hayo, neno kwa neno, na alikuwa analia hadharani wala hakujali. Mama akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Haya. Mgeukie na mwenzako, naye ana la kwake." Fundi akamgeukia wifi, akaanza upya.

Ijumaa asubuhi dozi ilirudi kuwa uniti mbili. Bwana Afya alikula kuku wake, wakasubiri nusu saa kuona kama atatapika. Hakutapika. Wifi alikuwa amebadilishana zamu, bado yuko nyumbani, na Fundi alimpa bomba. Wifi akakataa.

"Choma wewe. Mimi siko kila siku. Nitakuangalia."

Fundi akapiga magoti. Vidole viwili vikabana ngozi. Mkono wa kulia ukaja, na akausikia kabisa, ule mwendo wa miaka thelathini, unataka kupita.

"Simama!" wifi akasema. Kisha akashtuka kwa kuthubutu, akaweka mkono mdomoni.

Mkono wa Fundi ukasimama. Hakugeuka wala hakujibu kitu. Alirudisha sindano nyuma kidogo sana, jasho limemtoka mdomo wa juu, mkono unatetemeka vibaya kuliko wa wifi ulivyowahi kutetemeka, akauliza, "Hapa?"

"Hapo."

Akasukuma. Bwana Afya akamkunjia uso, akaondoka kwa visigino vyake kwenda kwa Mama.

Saa tisa alasiri Daktari alikuwa kwenye simu anasubiri. Fundi akatoboa sikio, akagusisha kipimo, akafumba macho, akafumbua.

"Ngapi?" Mama akauliza kutoka kwenye kiti chake. "Mwanangu, ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Kumi na tatu," Daktari akarudia kwenye simu, na wakasikia anacheka. "Fundi, leo hatuna mazungumzo. Endeleeni hivyo hivyo. Mlete wiki ijayo nimwangalie miguu na tumbo tu."

Fundi akachukua daftari aandike. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi Mama aliponyoosha mkono, akaupata mgongo wa paka, akashusha pumzi ndefu.

"Na leo siyo Alhamisi," Mama akasema.